Bawaba

Mbao mbili za mvule, mabaki ya kitanda cha nyanya,
na bawaba ya kabati: ndio msingi.
Skrubu ndefu alinipindia Fundi Shebwana wa Mwembe Tayari,
mota nikaing'oa kwenye printa iliyokufa.
"Unatega panya?"
Natega dunia, nikamwambia, inazunguka mno.
Akacheka, akanipunguzia shilingi hamsini.

Hapa Tudor, juu ya sakafu ya paa,
kati ya tangi la maji na kanga za Bi Mwanahalima,
bawaba yaelekea kusini, imelala karibu chapa,
maana ncha ya mbingu kwetu haipandi,
nyuzi nne tu, yachungulia juu ya mabati ya watu.

Umande wa chumvi hufumba jicho la kamera.
Nimelivika soksi ya mwanangu,
ndani rizista sita, joto la kiganja.
Lakini taa za bandari! Zamwaga uji wa machungwa mawinguni.
Picha arubaini. Ukungu arubaini.

Jumanne stima ikapotea.
Mtaa mzima: "Aaah!"
Mimi nikaparamia ngazi, kiatu kimoja.
Sekunde thelathini, tena thelathini,
mota ikikoroma kwa betri ya pikipiki,
na moyo wa Akrabu ukatua:
mwekundu, mviringo, bila mkia.

Bi Mwanahalima alikuja kuanua kanga.
Akainamia kioo cha kamera, akanyamaza.
"Na hii ipo siku zote?"
"Siku zote."
"Basi wasirudishe upesi," akasema,
na friji yake imejaa samaki.