Namba ya Lamara

Miaka thelathini, simu za mji wa Kutaisi
zilipita vidoleni mwa Lamara.
Namba ilikaa kinywani mwake
kama maji kiganjani:
akiirudia, ipo;
waya ukiingia tunduni, imekwenda.
Maelfu. Hata moja haikuomba kulala.

Leo anauliza mara ya tatu
kama amekunywa chai.
Kikombe, mkononi, bado kina joto.

Lakini mwinamie, umwambie: "Nipe hospitali."
Mgongo unanyooka.
"Sita, mbili, sufuri, tisa. Subiri, mama."

Mama huyo alipiga majira yote ya theluji,
mwanawe wodini.
Walisubiri wote wawili, kimya, mlio uleule.

Namba hiyo Lamara hakuikariri.
Ilipiga hodi usiku baada ya usiku,
akaipa kitanda.