Herufi ya Mwisho

Nta tumeiyeyusha tangu asubuhi hapa Isevya,
kwenye sufuria iliyovunjika sikio.
Imetoka Sikonge, katika miyombo aliyoichagua yeye.
Gome la mzinga likioza tunafunga jingine
juu ya tawi lilelile.
Nyuki hawakupewa taarifa.
Huhama, hurudi na maua, vizazi na vizazi,
wakimfanyia kazi mtu asiyewadai.

Kalibu zetu ni vikonyo vya majani ya mpapai.
Unaziba chini kwa udongo, unashusha uzi wa pamba,
unamimina, unangoja, unapasua.
Mshumaa unatoka na rangi ya chai ya maziwa,
unanukia moshi na msitu.

Kesho ni Siku ya Mashujaa.
Redioni wanasema paredi, mkuki, ngao,
wageni wawe wamekaa ifikapo saa tatu.
Sisi tuna ua wa mchanga na mikebe ya rangi,
maana upepo wa Julai hauheshimu mtu:
kila mshumaa lazima uvikwe mkebe
uliotobolewa kwa msumari.
Watoto wametoboa nyota. Wametoboa treni.
Mjukuu wangu Nzile ametoboa kuku.
Mbona kuku? namuuliza.
Askari sijamwona vizuri, anasema.

Hata mimi, Nzile.
Baba nilimkuta tayari ni picha,
kofia imelala upande, jicho moja limekimbia jua.
Alipanda treni hapahapa, mimi nikiwa tumboni,
chupa ya asali kaibana kwapani.
Mama alimwambia: usile yote,
bakiza ya kurudia.

Kisha barua. Karatasi moja, muhuri,
na jina lililopigwa taipu: MSAGATI.
Bibi akataka isomwe tena.
MSAGATI.
Akaikunja mara nne.
"Mwana wa watu huyo. Poleni kwao.
Wangu anaitwa Msagata."

Ndani ya herufi ile moja
bibi aliishi miaka thelathini na moja.
Hakunyoa nywele, hakutandika mkeka wa matanga.
Treni ya usiku ikipiga honi
alisogeza kuni, moto usije ukamkuta mgeni umelala.

Na Bwana Ntabo, aliyerudi na vidole vinane,
alikuja kutengeneza redio yetu
hata ilipokuwa nzima.
Alikunywa chai. Alitazama miguu yake. Aliaga.
Nani angemnyang'anya mama wa mtu herufi?

Tulipokwisha kumzika bibi, siku ya tatu,
ndipo alipotuambia, akiwa wima, mkono kwenye mlango:
kulikuwa na mto, ukungu, asubuhi.
Asali ilibaki nusu chupa.
Waligawana kwa kifuniko, kila mtu kifuniko kimoja,
kwa kuwa hakuna aliyejua
la kufanya nayo.

Sasa jua limezama nyuma ya stesheni.
Mama, mwenye mtoto wa jicho pande zote mbili,
anapachika punje za mtama kwenye nta ingali laini,
anaandika kwa kupapasa:
M, S, A, G, A, T,
kidole kinasita, kinazunguka,
A.
Anapitisha gumba juu ya jina zima
kama mtu anayefuta vumbi kwenye shavu.

Kisha anasema, nipeni mwingine.
Mwingine wa nani, mama?
Haninijibu. Anapapasa tena,
polepole, hadi mwisho,
na mwisho anaweka punje tatu tu, zimesimama wima.
I.
"Kama yupo mahali," anasema,
"naye alikuwa na mama,
na barua yake labda ilikuja kwetu."

Tumeiweka miwili mchangani, jirani.
Wa baba umevaa mkebe wa treni.
Ule wa pili ulikuwa uchi, upepo unaulamba,
Nzile akakimbia kuleta wa kwake.

Ukutani sasa kuna kuku wa mwanga.
Upepo ukija anatimua mbio,
ukitulia anarudi,
anadonoa.