Tuzo ya Injinia Kerubo

Leo ukumbini wamesoma tarakimu:
miezi thelathini, bajeti haikuvuja,
udongo wenye madini ya risasi
umezolewa wote, Viwandani hadi ukingo wa mto.
Makofi.

Mimi mtunza stoo, niliyehesabu glavu,
nakumbuka Jumanne ile ya mvua,
maabara ilipopiga simu: shimo la saba bado lina sumu,
na magari ya wakubwa yameshapita Nyayo
yanakuja kukata utepe.
Akafunga lango.
“Chimbeni upya.”
Siku tisa tukachelewa.
Akaziandika kwa kalamu nyekundu, jina lake pembeni.

Hizo hawakuzisoma.

Amerudi kitini, ngao mapajani,
ananinong’oneza:
“Zile glavu, jozi nne,
zilipatikana?”