Daftari la Maswali kwa Fundi Kisamo

Fundi Kisamo, usiku sikulala vizuri.
Nimeandika maswali kwenye daftari la hesabu, lile la vyumba,
kwa wino mwekundu. Unisamehe,
ndiyo kalamu iliyozoea vidole vyangu.

La kwanza ni mafuta.
Pale Majengo kijana kaniuliza, "Ya kawaida, mama?"
Nikasema ya kawaida. Gari likanywa.
Sasa likipanda kwenda Uru linagonga kwa ndani,
ti-ti-ti, kama kijiko kwenye kikombe cha bati.
Ni mafuta, au ni mimi nichelewaye kubadili gia?

Oili nimepima mwenyewe.
Kijiti kinasema nusu.
Ni nusu ya aliyeshiba au nusu ya mwenye njaa?

La tatu, tumbo.
Limelala chini mno, Kisamo.
Tuta la mbele ya shule nalipanda upandeupande
kama mwenye goti bovu anavyoshuka ngazi,
na bado kitu kikakwaruza.
Nikainama kuchungulia,
Kidato cha Pili kizima kikainama nami.
Tuongeze springi?
Au nijifunze Moshi upya,
Pasua hadi Rau, tuta kwa tuta,
kama jedwali la kuzidisha?

Buti nimelifunua. Tairi la akiba hamna.
Kuna chupa ya gundi na pampu isiyozidi kiatu changu.
Niambie kweli:
usiku, mvua, Kiboroloni,
nitatoka na hiyo chupa nifanye nini?

Ukoo walitaka ninunue Noah.
Shemeji Ndekirwa alisimama kabisa kwenye kikao:
"Mwalimu, milango mitatu! Ndizi utabebea wapi?"
Mkopo wa Saccos ni wangu, marejesho ni yangu,
na mkungu unaenea ukilaza kiti cha nyuma.
Nimepima kwa rula ya darasani.

Hili linalofuata usimwambie mtu.
Kile kitufe chenye herufi S.
Binti yangu anasema S ya spoti.
Ndekirwa anasema S ya sadaka, maana nitatoa tu.
Nimekibonyeza mara moja,
Jumapili alfajiri, nimeshaipita Kwasadala,
barabara tupu, trafiki bado wamelala.
Mshale uliruka, na kiti kikanishika mgongo
kama mtu aliyenisubiri miaka thelathini.
Nikakizima.
Nikacheka peke yangu mpaka Boma.
Kinaharibu injini?
Jibu polepole. Sina haraka ya kujibiwa ndiyo.

Halafu yupo yule mwanamke.
Kila asubuhi nikiwasha, anasema neno Kijapani,
sauti laini, kama nesi wa zamu ya usiku.
Nilidhani ananionya: breki, au mkanda, au roho yangu.
Kitabu cha gari nacho ni Kijapani,
kina alama za penseli pembeni, mkono wa mtu makini,
na risiti ya maegesho iliyofifia.
Yule mtu aliuza kwa nini? Alizeeka? Alipata watoto?

Jana nikamwita Aminieli.
Nilimpa sifuri ya hesabu, yule, miaka hiyo;
leo anapandisha Wajapani mlimani na kuwataniа kwa lugha yao.
Akakaa kiti cha mbele, magoti kifuani.
Nikawasha. Akasikiliza, akacheka hadi machozi.
"Anasema kadi haijawekwa, mwalimu.
Kadi ya kulipia barabara za kwao."

Ndiyo hayo tu. Miezi miwili
nimekuwa nikimwitikia, "Nzuri, za kwako?"

Aminieli anasema kumnyamazisha ni kukata waya mmoja.
Kwa hiyo swali la mwisho, fundi, nalipigia mstari:
huo waya uko wapi,
ili siku unafungua dashibodi
usije ukaugusa?