Hazijui Sikukuu

Miezi kumi iliyopita Bonaria alinitoa damu, kijiko tu,
akapanda nayo ghorofa ya tatu.
Leo ameniita nikaione.

Nimepanda taratibu, nikitua kila ngazi ya kumi,
kwa kuwa kesho ndiyo siku yangu:
kila wiki ya tatu, tangu nina miezi saba,
naazima damu ya watu wa Cagliari nisiowajua,
mwokaji, labda, au mlinzi wa bandari,
nami sijawahi kuwarudishia hata tone.
Talasemia. Kwa Kigiriki, wanasema, jina hilo lina bahari ndani yake.
Mimi sijui kuogelea.

Anasema: chembe zako tumezisahaulisha.
Zilikuwa damu; tumezirudisha nyuma
hadi pale ambapo hazijachagua kuwa moyo,
wala ini, wala ngozi. Seli shina.
Kisha tukaziomba, polepole, ziwe damu tena.

Siku ya Pasaka aliacha nyama ya mwanakondoo mezani
akaja kuzilisha, maana hazijui sikukuu.
Mwana umleavyo ndivyo akuavyo?
Hizi zimelelewa kwa joto la kipimo, sukari ya kipimo,
hazikukosa kitu,
na bado zimekua kama mimi:
chini ya hadubini, vijiduara vilivyofifia,
vingine vimekufa kabla ya kukomaa.

“Zimeshindwa,” nikasema.
“Ndiyo!” Anacheka kama aliyejaliwa mtoto.
“Zimeshindwa vilevile unavyoshindwa wewe!”
Kisha akauona uso wangu, akavua glavu.

Sikukasirika. Nilikuwa namuwaza Grazietta,
dada yangu, miaka tisa, tumbo limevimba wengu,
aliyezikwa pasipo mtu kujua ni herufi ipi iliyokosewa.
Bibi zetu waliishi kinamasini, na mbu.
Kosa hilihili, nusu yake, liliwakinga na homa.
Kinga yao ikateremka, ikawa deni letu.

Sasa dawa zina pa kujaribiwa kabla ya kujaribiwa kwangu.
Watadondosha hii, watadondosha ile,
zitakufa kwa maelfu
na hakuna mama atakayepigiwa simu usiku.

“Zinanikumbuka?”
Bonaria alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.
“Zinakumbuka kosa,” akasema. “Mengine sijui.”

Kwenye kifuniko pameandikwa namba, si jina.
Nikaomba kalamu; akanikatalia, sheria ni sheria.
Basi nikashuka. Kushuka ni rahisi.
Kesho saa mbili asubuhi nina miadi na mwokaji.