Ikiacha Kunuka

Imekuja kwa punda kutoka gatini,
imefungwa kwa kamba ya usumba,
ya manjano, tumbo tupu, mdomo duara,
na mpira wake umejikunja kama utumbo wa ng'ombe
siku ya kuchinja.
Watoto wa Langoni wakauliza: ni ngoma?
Nikasema: ni pua.

Timbi zangu mbili zimo humo ndani.
Sonara alizipima mara tatu, akanitazama:
"Mwanamke huuza dhahabu kwa arusi
au kwa maziko."
Sikumjibu. Maziko yalikuwa yamekwisha.

Leo tuko Mkomani, kwa Bi Mwanakheri,
nyumba ya orofa tatu, shimo la choo
halijaguswa tangu enzi za baba yake.
Yeye yuko barazani, anahesabu kwa vidole:
"Elfu mbili za feni? Ya nini?
Famau alikuwa akishuka kwa bismillahi na mshumaa."

Ndiyo, Bi.
Na mshumaa tuliuvuta ungali unawaka.

Famau kaka yangu.
Shee, mdogo wetu, akashuka kumfuata,
maana nani atasimama mdomoni mwa shimo
akasikiliza nduguye akinyamaza?
Wa kwanza aliuawa na shimo.
Wa pili aliuawa na huruma.

Kwa hiyo nafanya kama alivyonielekeza aliyeniuzia:
jenereta mbali, nyuma ya pembe ya ukuta,
moshi uende zake,
feni isije ikanywa sumu ikamnywesha mtu.
Mpira ushuke mpaka karibu na uchafu,
huko hewa mbaya ilikolala.
Robo saa ivume
kabla unyayo haujagusa ngazi.
Robo saa! Komora anatoa sigara.
Namwambia, kavutie kule, kwenye duka la mkaa,
usituchome wote na nyumba ya watu.

Kile kipimo cha hewa sina.
Bei yake timbi nne,
nami sina mikono mingine.

Akashuka. Kamba kifuani mwake,
ncha yake kwenye kapi, kapi kwenye boriti,
na boriti niliijaribu mwenyewe kwa kuning'inia.
Feni inavuma kama nyuki wa mikokoni.
Ndoo inapanda, ndoo inashuka.
Nikimwita, ananijibu. Nikimwita, ananijibu,
mara nyingine kwa tusi, nalo ni jibu.

Ndoo ya thelathini na moja
jenereta likakohoa.
Likakohoa tena.
Kichochoro kikatulia hivi
nikasikia punda akitafuna boksi.

Sikuita. Nilivuta.
Vijana wawili wa jirani wakashika nami,
tukavuta kama watoao nanga kwenye tope.

Komora akatoka, matope mpaka kifuani,
hasira mpaka utosini:
"Zilibaki ndoo nne tu!
Na huko chini sasa pazuri, dada.
Hata hapanuki tena."

Bi Mwanakheri amejiziba pua kwa ukaya.
Mimi nimejiziba kwa leso.
Paka aliyekuwa ukutani hayupo.
Mtaa mzima unanuka yai viza.

"Hapanuki," akasema tena, polepole,
akavuta pumzi kupima, akavuta nyingine,
kisha akaligeukia shimo
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake
na sauti asiyoijua.
Akakaa chini, palepale, kwenye maji machafu.

Hakuna aliyesema neno.
Bi Mwanakheri akafungua fundo la leso yake,
akamtuma mjukuu na kidumu: petroli,
lita tano, mbio, na chenji usiniletee.

Likawaka mara ya tatu.
Mpira ukajaa, ukatetemeka chini ya kiganja changu,
hewa ikipita ndani yake
kama maji kwenye koo la mwenye kiu.

Komora hajasimama bado.
Anatazama mikono yake, anainusa.

"Dakika ngapi?" anauliza.

Kumi na nne, nasema.
Kaa.