Miraba Mitatu

Jumanne, kliniki ya watoto, Tudor.
Feni yazunguka kama inayohesabu deni
na mimi nimempakata Twaha,
vidole vimemvimba kama kaimati.
Kulia kamechoka koo lake. Aguna tu.
Kando yangu Bi Maimuna, mamaake mume wangu,
kajitanda buibui hadi kwenye nyusi,
kaja kushuhudia kosa langu likisomwa.

Njia nzima kutoka Majengo alikuwa akisema,
si na mimi, na dirisha:
"Kwetu hatuna damu ya namna hii."

Sista Nyamvula hakuanza na damu.
"Maji mwanunua? Mtungi ni bei gani?"
Thelathini, nikamwambia. Mfereji ukikauka, hamsini.
Akaandika. Ndipo aliponieleza
mtoto anywe akiamka, anywe akicheza,
asingoje kiu,
na tukahesabu pamoja mitungi ya wiki
kama wanawake wawili wanaopanga harusi.

Kisha akageuza karatasi, upande usio na kitu.
"Damu hurithiwa kwa doti, kama leso.
Kipande cha baba, kipande cha mama.
Mwenye kimoja chenye dosari
hukifunga ndani, akajitanda kile kizima,
akaenda sokoni, akazaa, akazeeka,
asijue.
Twaha kapewa viwili vyenye dosari.
Hakuna aliyemchagulia."

Bi Maimuna akakohoa,
kikohozi cha mtu mwenye neno.

Kalamu ikachora: mraba kwa mwanamume,
duara kwa mwanamke.
Mimi duara. Aboud mraba.
Twaha mraba mdogo uliojazwa wino.
"Na wewe, mama, ulizaa wangapi?"
"Wawili. Aboud na Salha."
"Hao ndio walio hai?"

Feni ikazunguka.
Mtoto wa mtu akaangusha kikombe cha plastiki,
kikabiringika mpaka chini ya mizani,
hakuna aliyekwenda kukiokota.

"Watano," akasema.
"Watatu walichukuliwa na nyuni.
Mikono ilikuwa ikiwavimba, macho rangi ya bizari.
Tuliwanywesha kombe, tukawavisha hirizi.
Niliambiwa nilipita na mimba mahali pabaya.
Mamaake mume wangu alisema
kwao hawana damu ya namna hii."

Akasikia alichosema.

Sista hakumwambia, waona?
Alimuuliza majina yao.
Miaka sita nimelala nyumba ile, sikuwahi kuyajua.
"Faraji. Mselem.
Wa mwisho hakufika kuota meno, tulimwita Mwinyi."
Miraba mitatu, kila mmoja na mstari wa kuukatiza,
kila mmoja na jina lake chini, kwa mwandiko wa polepole.
Bi Maimuna akaigusa mmoja mmoja.
Wino haujakauka, ukamshika kidoleni.

"Salha kaposwa," akasema, sauti chini.
"Apimwe, na mchumba apimwe.
Si kuvunja posa. Ni kujua."
Nami nikauliza langu, nililokuwa nimelimeza
tangu Twaha atimize mwaka.
"Kila mimba ni kura mpya," Sista alijibu,
"mmoja kwa wanne, kila mara, upya.
Sitakwambia uzae, sitakwambia usizae.
Lolote utakaloamua, Jumanne mimi nipo."
Akaandika namba yake ya simu nyuma ya pakiti ya vidonge.
"Homa ikipanda usingoje asubuhi. Wala usione haya kunipigia."

Tukarudi Majengo, hakuna aliyesema na dirisha.
Mlangoni, mwenye mkokoteni wa maji
akatajiwa mitungi minne badala ya miwili,
na Bi Maimuna akagomba naye juu ya bei
mpaka mtaa mzima ukajua ni yeye.

Usiku nikasikia mlango wa jikoni.
Nikachungulia.
Alikuwa kapiga magoti kando ya godoro,
kikombe mkononi,
akimwamsha mwanangu kwa jina la Faraji,
kisha, baada ya kitambo,
kwa lake.